Kipoyi, kitanda na ubao: namna ya kubeba mwenye kuumia mgongo

Siku moja katika somo la historia niliuliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tano: "Kipoyi ni nini?" Karibu wote walijibu sawasawa: ni kiti cha Muzungu. Wamekiona katika picha za vitabu, Mbelgiji wa kofia ngumu ameketi juu, watu wanne wanamubeba mabegani. Jibu lao si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Binti mmoja wa nyuma, ambaye hana kawaida ya kusema, aliinua mkono: "Mwalimu, babu yangu anasemaka kipoyi ni cha mugonjwa." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu yeye peke yake ndiye alikuwa na ile nusu nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuandika hapa.

Msomaji wa Tchomia anajua mahali tulipo. Sisi tuko chini, kando ya ziwa, karibu mita 620 juu ya bahari. Bunia iko juu, inapita mita 1,200. Kati yetu na Bunia kuna mlima, kuna Kasenyi, kuna Bogoro, kuna mashimo na mawe na matope ya mvua. Mtu akivunjika huku chini na hospitali yetu ikiona kwamba jambo linapita nguvu zake, lazima apande. Basi swali la kumpandisha namna gani si swali la munganga peke yake. Ni swali la kijiji kizima, na wazee wetu walikuwa na jibu lake kabla ya sisi kupata moto na gari.

Nianze na ziwa lenyewe. Samuel Baker, Mwingereza aliyeliandika ziwa letu kwa jina la Albert, aliliona tarehe 14 Machi 1864, akiwa ng'ambo ile ya Unyoro. Vitabu vinamtaja Baker sana. Havisemi kwa kirefu kwamba mke wake, Florence, alifika karibu na ziwa hilo akiwa amelala. Walipokuwa wanavuka mto Kafu alianguka ghafla kwa ukali wa jua, akapoteza fahamu. Wakamlaza juu ya angarebu, kile kitanda cha miti na kamba cha watu wa Sudani, wakambeba siku nyingi, mumewe akitembea kando usiku na mchana. Walifika hatua ya kutengeneza mpini mpya wa sururu kwa kumchimbia kaburi. Hakufa. Aliliona ziwa kwa macho yake, na aliishi hata mwaka 1916. Waliombeba ni watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Mwaka ule ule wa 1864, mwezi wa Agosti, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi kule Geneva mkataba wa kwanza wa kulinda majeruhi wa vita, kazi iliyotoka kwa Henry Dunant na yale aliyoyaona Solferino mwaka 1859. Ninaiweka hapa tu ili mwanafunzi aone kwamba mambo haya mawili ni ya umri mmoja.

Mfano wa pili ni mzuri kuliko wote, na neno lake ni la lugha yetu. Mwezi wa Aprili 1873, David Livingstone alikuwa anakufa katika matope ya Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hakuweza tena kukaa juu ya punda. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wakamtengenezea kitu walichokiita kitanda. Maelezo yake waliyatoa wenyewe baadaye, nayo yakaandikwa: miti miwili ya pembeni yenye urefu wa futi 7, vijiti vya kukata katikati vya futi 3, vimepangwa karibu karibu, inchi 4 tu kati ya kimoja na kingine, vyote vimefungwa kwa nguvu. Juu yake nyasi, juu ya nyasi blanketi. Halafu kitanda kikatundikwa kwenye mti mmoja mrefu, watu wawili wenye nguvu wakaubeba.

Msomaji aangalie hizo inchi 4. Kwa nini wasiweke vijiti vitatu tu na kumaliza haraka? Kwa sababu kitanda chenye nafasi kubwa kinazama katikati, na mgongo unazama nacho. Wale vijana hawakusoma kitabu cha anatomia. Walimbeba mtu aliyelia kila alipoguswa kiuno, nao wakajifunza kwa kilio chake.

Kuna mambo mengine mawili katika habari ile. Asubuhi moja mgonjwa alikuwa dhaifu hata hakuweza kutembea hatua chache kutoka ndani mpaka mlangoni, na kitanda hakikuweza kupita mlangoni. Aliomba wavunje ukuta wa nyumba. Wakauvunja, kitanda kikaingia mpaka ubavuni pake. Hiyo ndiyo kanuni ambayo leo waalimu wa msaada wa kwanza wanatufundisha kwa maneno mengi: usimpeleke mgonjwa kwenye kitanda, peleka kitanda kwa mgonjwa. Na siku hiyo hiyo walipofika mtoni, mitumbwi ilikuwa myembamba, kitanda hakikuingia. Ikabidi kumtoa na kumwinua kwa mikono. Chuma aliinama chini sana ili mgonjwa amshike shingoni, na akamwinua kwa namna ya kutogandamiza kiuno. Sisi watu wa ziwa tunaelewa shida hiyo vizuri. Bahati yetu ni kwamba mitumbwi yetu ya mbao ina kifua kipana. Mtu aliyelazwa juu ya ubao anaingia mzima bila kukunjwa.

Kutoka ziwa letu mpaka Bagamoyo kuna habari nyingine, nusu ya kuchekesha na nusu ya kusikitisha. Emin Pasha alikutana na Stanley kando ya ziwa hili, upande huu wetu wa kusini-magharibi, tarehe 29 Aprili 1888. Mwaka uliofuata waliondoka kwa Kavalli tarehe 10 Aprili, wakatembea miezi karibu minane wakiwa na wagonjwa na watoto wengi, na Stanley mwenyewe akaugua njiani kwa Mazamboni hata msafara ukasimama wiki kadhaa. Emin alivuka hayo yote. Tarehe 4 Desemba 1889, usiku, Bagamoyo, katika karamu ya kuwapokea, yeye ambaye macho yake hayakuona mbali alianguka kutoka dirisha la ghorofa. Alikutwa chini hana fahamu, kichwa kimeumia vibaya. Stanley alivuka kwenda Zanzibar, Emin akabaki hospitali ya Wajerumani, na Parke, munganga wa msafara, akabaki naye. Alipona, mwaka 1890 akarudi bara. Mtu anaweza kuvuka Afrika nzima na kuumizwa na dirisha.

Sasa nirudi kwa kipoyi. Neno tipoia Wareno wa Angola walikuwa nalo, Wabelgiji wakaandika tipoye, sisi tunasema kipoyi. Wakati wa ukoloni kilikuwa kiti au kitanda juu ya miti miwili, wabebaji wanne, na wengine wanafuata nyuma ili wapokezane. Maofisa na mapadri walizunguka nacho vijijini mpaka barabara za magari zilipofunguka. Watu wetu waliona aibu na uchungu katika kazi hiyo, na ni haki yao. Ila mabega yale yale na miti ile ile ndiyo iliyobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, na mtu aliyeangukiwa na mti shambani. Ukoloni ulikikuta kitanda cha mgonjwa hapa, ukakifanya kiti cha mkubwa. Baada ya uhuru tulitupa kiti, na kwa bahati mbaya kitanda nacho tukakisahau pole pole.

Majirani zetu hawakusahau vile. Kusini-magharibi mwa Uganda, Kigezi, milima ni mikali sawa huku, na watu wana vyama vya engozi. Engozi ni machela ya kusukwa, na chama ni jamaa za mlima mmoja waliokubaliana: mgonjwa akipatikana, wanaume wanatoka kumbeba, anayekosa bila sababu anatozwa. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilijenga mpango wake wa bima ya afya juu ya vyama hivyo hivyo. Rwanda wanasema ingobyi, na neno hilo hilo ni kile ambacho mama anabebea mtoto mgongoni. Mimi napenda sana hiyo maana mbili.

Wazee niliowauliza hapa Tchomia na katika vijiji vya kupanda mlima wanasimulia kipoyi cha namna mbili. Cha kwanza ni cha haraka: mkeka imara au wavu wa kuvulia uliokunjwa mara mbili, unafungwa kwenye mti mmoja, mgonjwa analala ndani sawa mtoto. Hicho ni kizuri kwa mwenye homa, ila kwa mwenye mgongo uliovunjika ni hatari, maana mwili unakunjika kama ndizi. Cha pili ni cha miti miwili na matete yaliyofungwa karibu karibu. Ni kizito, kinachukua muda kutengeneza, kinalala sawa. Mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alibeba wengi, aliniambia kwamba mbele ya wabebaji lazima kuwe na mtu mmoja tu wa kusema: jiwe, shimo, maji, badilisha bega. "Wakisema wawili, mugonjwa anaanguka." Aliniambia pia kwamba wabebaji wazuri hawakanyagi pamoja kama askari, kwa maana wakikanyaga pamoja kipoyi kinayumba. Nilikuta shauri hilo hilo baadaye katika kitabu cha waokoaji.

Nitasema sasa kwa nini nimeshughulika na mambo haya, mimi mwalimu wa historia.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa anapandisha samaki Bunia kwa moto. Kwenye mteremko wakati wa kurudi gurudumu liliteleza, akaanguka, mzigo wa vikapu vitupu ukamwangukia. Watu walifika mbio. Walikuwa watu wema, na ninawashukuru mpaka leo. Mmoja alimshika mikono, mwingine miguu, wakamwinua. Halafu wakamketisha juu ya moto nyingine, dereva mbele, yeye katikati, kijana mmoja nyuma anamkumbatia asianguke. Ndivyo tunavyofanya sote, na katika nchi yetu ndivyo wagonjwa wengi wanavyofika hospitali. Kijana aliyemkumbatia alinisimulia kwamba pale chini mpwa wangu alikuwa analalamika miguu inamuwaka moto. Walipofika, alikuwa halalamiki tena. Miguu ilikuwa kimya. Imebaki kimya mpaka sasa.

Munganga hakumlaumu mtu. Aliuliza tu: "Alibebwa namna gani?" Tukamjibu. Akaandika, hakuongeza neno. Nilikwenda kumuuliza siku nyingine kama ni kuanguka au ni kubebwa. Akasema hakuna mtu wa kuweza kujibu hilo, mara nyingi pigo la kwanza ndilo linalomaliza kila kitu. Ninaamini kwamba alisema kweli. Lakini dada yangu ananiuliza bado, na mimi nina shahada ya chuo cha ualimu na sina jibu la kumpa.

Nikaanza kusoma. Ubao wa kubebea majeruhi, ule mrefu wenye matundu ya mikono pembeni, ulienea Marekani baada ya mwaka 1968, wakati mganga Farrington alipoandika namna ya kutoa watu katika magari yaliyogongana. Wa kwanza ulikuwa wa mbao tu, pliwudi, karibu sentimeta 180 kwa 40. Plastiki ilikuja baadaye. Ndani ya uti wa mgongo kuna kamba ya neva inayopeleka amri ya ubongo mpaka miguuni. Mfupa uliovunjika ni kama kisu karibu na kamba hiyo. Ubao unataka kuzuia kisu kisisogee.

Lakini hapa niwe mkweli, maana wengine wanauchukua ubao kama dawa. Mwaka 1998 Hauswald na wenzake walilinganisha majeruhi wa hospitali moja ya Malaysia, ambako hakuna aliyefungwa ubaoni njiani, na wale wa New Mexico ambako wote walifungwa. Wale wa Malaysia hawakuwa na hali mbaya zaidi, walikuwa afadhali. Watu wamebishana juu ya utafiti huo, makundi yalikuwa madogo na tofauti. Hata hivyo mwaka 2013 vyama vya waganga wa dharura na wapasuaji wa Marekani vilitangaza kwamba ubao usitumiwe kwa kila mtu. Ubao ni mgumu, unaumiza ngozi ya matako na visigino, unabana pumzi. Ni chombo cha kumtoa mtu na kumhamisha, si kitanda cha kumwachia masaa. Njia yetu ya Bunia, wakati wa mvua, inaweza kula masaa. Kwa hiyo ubao wetu lazima uwe na kitu laini juu yake, na akifika tu, atolewe. Wale wa 1873 walitia nyasi na blanketi.

Tulifanya mazoezi na wanafunzi chini ya mwembe wa shule, pamoja na infirmie mmoja aliyekubali kuja jumamosi. Nitaeleza kama tulivyofanya. Mmoja anapiga magoti kichwani, anashika kichwa kwa mikono miwili, hakiachi tena mpaka mwisho. Yeye ndiye kapita, wengine wote wanangoja neno lake. Kabla ya lolote anamuuliza mgonjwa jina, anaangalia pumzi na damu, maana mtu anayekosa pumzi hangoji kufungwa mikanda. Mwingine anauliza kama anaweza kusogeza vidole vya mikono na miguu, kama anasikia akiguswa. Jibu linaandikwa, ili hospitali ijue alikuwaje pale chini. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyetuandikia sisi.

Halafu watatu wanapiga magoti upande mmoja: kifuani, kiunoni, magotini. Mikono inapishana. Kapita anahesabu, wanamgeuza ubavu kwa pamoja kama gogo, pua na kitovu vikiangalia upande mmoja. Wa tano anasukuma ubao chini yake, wanamrudisha. Nguo iliyokunjwa inajaza nafasi chini ya kiuno na chini ya magoti. Mikanda inaanza kifuani, inakuja kwenye nyonga, kisha mapaja na miguu. Kichwa kinafungwa mwisho, nguo mbili zilizoviringishwa zikiwa pembeni mwa masikio. Wanafunzi walitaka kuanza na kichwa, kwa sababu wanakiogopa. Infirmie akawauliza: kichwa kikiwa kimefungwa na mwili ukiteleza, shingo itafanya nini? Wakanyamaza. Mkanda wa kifua usizuie kupumua, mkono mmoja uingie chini yake. Akitapika, unageuza ubao wote pamoja naye. Mwishoni unauliza vidole tena.

Mikanda hatukuwa nayo. Tulitumia vitenge, ambavyo havikati ngozi. Kauchu ya kufungia mizigo ya moto inavutika, mtu anacheza juu yake, tuliiacha.

Na ubao? Mimi nilifikiri ni kitu cha kununua mbali. Infirmie alinionyesha mlango wa darasa. Ni kweli: mwaka 2003, baada ya shambulio la Tchomia la tarehe 31 Mei, nimeona milango ikitolewa katika bawaba zake kubeba watu, na hakuna aliyefikiri kwamba anafanya jambo la elimu. Mwezi wa Februari 2018 watu walipokimbilia Uganda kwa mitumbwi kwa maelfu, wenye kuumia walilazwa juu ya mbao za sakafu ya mtumbwi. Mbao tunazo, maana kijiji chetu kinatengeneza mitumbwi. Tulichokosa ni ile desturi ya kusema: ngojeni kwanza, alale, mmoja aseme.

Kuna watakaonijibu kwamba moto ni haraka, na mtu anayetoka damu nyingi hawezi kungoja kipoyi. Ninakubali. Anayetoka damu aende kwa chochote kinachokwenda. Ila yule aliyeanguka kutoka juu, au kutoka kwenye moto, anayesema mgongo unauma na miguu inawaka, huyo nusu saa ya kutafuta ubao na watu watano haimwibii kitu. Gari la samaki linapita, linaweza kumlaza. Na pale ambapo gari halipiti, mabega bado yapo.

Fundi mmoja wa mitumbwi, pale ufukweni, alikubali kutukatia ubao mmoja kwa bei ya mti tu. Aliuliza vipimo, nikampa: sentimeta 180 kwa 40, matundu ya mikono sita kila upande, kingo zilainishwe zisichome mikono. Akautazama upana, akasema ni mdogo kwa wanaume wa huku, akaongeza sentimeta 5. Mikanda imeshonwa na mpwa wangu. Siku hizi anatengeneza nyavu, amekaa mlangoni kwa dada yangu, na mikono yake ni myepesi. Aliishona kwa uzi wa nyavu, mishono miwili miwili, na alipomaliza mkanda wa kifua alijifunga mwenyewe akavuta, ili aone kama unashika.